Kuhukumu Hoteli kwa Chungu cha Muthokoi

Msomaji, ukifika katika mji usioujua nawe una njaa, jambo la kwanza utakalolitazama ni vibao. Rangi huonekana mbali kuliko harufu, na macho hufika kabla ya miguu. Kwa hiyo watu wengi huingia katika hoteli yenye kibao kikubwa, hula, hulipa na kuondoka, kisha husema kwamba mji ule hauna chakula. Wamehukumu mji mzima kwa mlango mmoja. Hukumu ya namna hiyo haina haki kwa mji, wala haina faida kwa mwenye kuhukumu.

Katika insha hii nataka tutembee pamoja katika miji ya Kitui na Makueni, nchi ya Wakamba, tukitafuta mahali pazuri pa kula na pa kununua chakula. Hatutakaa katikati ya mji. Tutakwenda pembezoni, mahali lami inapokwisha na maduka yanapoanza kuachana: upande wa soko la Kalundu mjini Kitui, Kwa Vonza kulipo Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, na njia itokayo Wote kwenda Kathonzweni. Sitakupa orodha ya majina ya hoteli. Majina hubadilika, wapishi huhama, na hoteli iliyo njema leo yaweza kuwa mbaya mwaka ujao. Nitakupa kipimo ambacho utakwenda nacho popote, nacho ni chungu kimoja: chungu cha muthokoi.

Muthokoi ni chakula cha mahindi makavu yaliyokobolewa. Mahindi hunyunyizwa maji kidogo, hutiwa katika kinu, hutwangwa kwa mchi mpaka ganda la nje liachane na punje, kisha hupepetwa. Makapi huwa chakula cha kuku, na punje nyeupe huanikwa juani. Siku ya kupika, punje hizo huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe, au kunde, au mbaazi, au ndengu, ambazo wengine huziita choroko na wengine pojo. Wako wanaoila hivyo hivyo kwa chumvi, na wako wanaoikaanga kwa kitunguu na nyanya. Kwa kuwa ganda limeondoka, punje hunyonya mchuzi na kulainika kuliko mahindi ya githeri, ambayo hupikwa na ganda lake.

Huenda ukauliza: Kwa nini chakula cha kawaida namna hii kiwe kipimo cha hoteli? Nina sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni muda. Viazi vya kukaanga huwa tayari dakika chache baada ya mgeni kuketi, lakini muthokoi haiwezi kuharakishwa. Anayeipika kwa saa sita mchana amewasha moto alfajiri. Amekufikiria wewe, mgeni asiyemjua, kabla hujaamka. Sababu ya pili ni kwamba chakula hiki hakina mahali pa kujificha. Nyama iliyochacha yaweza kufichwa na pilipili, na wali mbaya waweza kufunikwa na viungo. Muthokoi ina nafaka, chumvi, mafuta kidogo na kitunguu, basi. Sababu ya tatu ni kwamba muthokoi hutokana na mazao ya nchi ile ile unayoikanyaga. Ukionja chungu, umeonja shamba, ghala na mkono wa mpishi kwa pamoja.

Na shamba la nchi hii si shamba jepesi. Ukambani ni nchi kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: zile za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba. Vitabu vya shule huziita za kwanza mvua za masika na za pili mvua za vuli, na mwanafunzi hudhani kwamba masika ndiyo tegemeo la mkulima kila mahali. Huku si hivyo. Mvua za vuli ndizo zinazoaminika zaidi, nazo pia zaweza kukosa. Kwa sababu hiyo wakulima wamechagua mazao yanayovumilia. Mbaazi hustahimili ukame kwa mizizi yake mirefu. Ndengu hukomaa kwa muda wa miezi miwili au zaidi kidogo. Na mahindi yaitwayo Katumani, yaliyotolewa katika miaka ya 1960 na kituo cha utafiti cha Katumani karibu na Machakos, hukomaa mapema ili kuiwahi mvua kabla haijakatika. Basi sahani ya muthokoi si chakula kilichobaki baada ya vyakula vizuri kwisha. Ni hesabu ya busara iliyofanywa na watu wanaoijua ardhi yao.

Sasa tuingie hotelini. Nitakusimulia hoteli mbili nilizokula, nami sitazitaja jina.

Ya kwanza ilikuwa katikati ya mji. Kuta zilipakwa rangi mpya, meza zilifunikwa vitambaa, na orodha ya vyakula ilikuwa na kurasa nne. Niliuliza kama kuna muthokoi. Kijana aliyenihudumia alicheka kidogo akasema, "Hicho ni chakula cha nyumbani, mzee. Hapa tuna chipsi, kuku na pilau." Nikaagiza chipsi. Zililetwa upesi, lakini mafuta yalikuwa yamepikiwa mara nyingi hata yakawa meusi, na kila kiazi kilikuwa na ladha ya samaki wa jana. Nilipomaliza nilikumbuka methali ya wazee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ya pili ilikuwa nje kidogo ya Wote, nyumba ya mabati yenye mabenchi mawili na meza moja ndefu. Haikuwa na kibao chochote. Nilielekezwa huko na fundi wa baiskeli. Nilipoingia nikamkuta mzee mmoja akinyoosha bakuli lake na kusema, "Mwaitu, muthokoi imebaki?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yule mama alimjibu kwa kumwongezea bila kunena neno. Mimi nikapewa yangu. Punje zilikuwa nzima kwa umbo lakini laini hata katikati. Mbaazi hazikupasuka wala hazikuwa ngumu. Mchuzi ulikuwa mzito kwa sababu ya nafaka yenyewe na si kwa sababu ya unga uliotiwa ili kudanganya. Kitunguu kilisikika, lakini hakikupiga kelele. Nilikula nikanyamaza, na wenzangu katika benchi walikuwa wamenyamaza vile vile.

Ukitaka kuhukumu kama mhakiki na si kama mtu mwenye njaa tu, usiseme "kitamu" wala "kibaya" ukaishia hapo. Sema kwa nini. Punje ikiwa ngumu katikati, mpishi alikuwa na haraka. Maharagwe yakiwa yamevurugika na mahindi bado hayajaiva, vyote vilitiwa chunguni kwa wakati mmoja bila kujua kwamba kila nafaka ina saa yake. Ukisikia ladha kama ya sabuni, ujue magadi yametiwa kupita kiasi ili kuufupisha moto. Mafuta yakielea juu kwa wingi, huenda ni kiporo cha jana kilichokaangwa upya. Kila kosa lina sababu yake, na kazi ya uhakiki ni kuitafuta sababu.

Je, hoteli ya namna hii utaipataje? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazama watu wanaokula kwa fedha zao wenyewe kila siku: mafundi, wachuuzi, waendeshaji wa pikipiki, makarani wa mishahara midogo, wanafunzi wa chuo. Mtu wa namna hii hana fedha za kupoteza. Akirudi mahali pamoja siku tano kwa juma, amekwisha kupiga kura. Tena nenda saa ifaayo. Ukifika saa sita na nusu utaona chungu kimejaa na watu wanaingia. Ukifika saa tisa ukaambiwa kwamba muthokoi imekwisha, usikasirike. Hiyo ni sifa. Chungu kinachokwisha kila siku hakina kiporo.

Lakini hapa nina budi kukuonya. Usidanganywe na umaskini, kama vile usivyopaswa kudanganywa na fahari. Wako watu wanaoamini kwamba kila kibanda kichafu kina chakula cha asili, na kila meza safi ina udanganyifu. Hayo ni makosa yale yale yaliyogeuzwa juu chini. Katika nchi hii maji ni ghali. Mahali pengi hubebwa na punda na kuuzwa kwa mitungi ya lita 20. Mwenye hoteli anayeweka pipa la maji lenye bomba na sabuni mlangoni, ili wageni wanawe mikono, amelipa gharama halisi kwa ajili ya afya yako. Mwenye kuwaachia nzi sahani hana udhuru wa ufukara. Wala usimdharau mpishi anayenunua muthokoi iliyokobolewa kwa mashine badala ya kinu. Kinu kina ladha ya kumbukumbu, lakini mchi ni mzito, na aliyeuinua kila siku alikuwa mama au binti. Tunaokula hatuna haki ya kudai jasho ambalo hatukulitoa.

Mpaka hapa nimeusifu ulimi kuwa hakimu mwema. Sasa inanipasa kukuambia mahali ulimi unaposhindwa, na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika insha hii.

Mwaka 2004 maafa yaliingia katika nchi hii hii. Katika wilaya za Makueni na Kitui, ambazo tangu 2013 ni kaunti, na katika wilaya za jirani, watu walianza kuugua ghafula. Macho yao yakawa ya manjano na maini yao yakashindwa kufanya kazi. Watu 317 waliripotiwa kuugua, na 125 kati yao wakafa. Sababu yake ilikuwa mahindi. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu, na kuvu hiyo ikatoa sumu iitwayo aflatoksini. Wengi walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, waliyoyaweka ndani ya nyumba zao. Na mahindi yaliyokuwa yakiuzwa katika masoko ya huko yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli ilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa.

Fikiri maana yake, msomaji. Sumu hiyo huwezi kuitambua kwa kuonja, na moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Kukoboa kunasaidia, kwa maana sehemu ya sumu huondoka pamoja na ganda. Lakini hupunguza tu, hakuondoi yote. Basi yaweza kutokea kwamba chungu kilichopikwa kwa ustadi mkubwa, na mpishi mwenye moyo mwema, kikawa chungu cha mauti. Ulimi utakisifu. Ulimi hauna macho ya kuona ghalani.

Kwa hiyo mhakiki wa chakula hawezi kukaa mezani tu. Hana budi kuuliza swali moja ambalo wageni wengi huona haya kuliuliza: Nafaka hii imetoka wapi, nayo ilikaushwaje? Mimi nilimwuliza yule mama wa Wote. Nilidhani atakasirika. Aliweka mwiko chini akanijibu, "Ni ya shamba letu, mwanangu. Tuliianika juu ya turubai, si juu ya udongo, hata ikawa inalia mkononi kama changarawe. Iliyoota ukungu tuliitupa, wala kuku hatukuwapa." Katika maneno hayo machache niliona sifa kubwa kuliko ile ya mchuzi. Mpishi aliyejua nafaka yake alikuwa na jibu tayari. Asiyejua hukasirika, au hubadilisha maneno.

Wewe pia, unaponunua nafaka kwa ajili ya nyumba yenu, waweza kuwa mkaguzi. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Maghala makubwa yana vyombo vya kupimia, lakini kuna njia nyepesi ya kuanzia. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, utie mahindi na chumvi kavu kidogo, uifunge, uitikise, kisha uiache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji mengi, nayo hayafai kuwekwa. Kumbuka tu kwamba njia hii huonyesha unyevu, haionyeshi sumu. Mahindi yaliyooza kisha yakakaushwa yataipita. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu hazifai kununuliwa hata zikiwa rahisi.

Maduka ya nafaka ya pembezoni yana mtihani wake mwingine, nao ni gorogoro, yaani kopo la kupimia ambalo huchukua kilo mbili hivi. Tazama kitako chake. Kikiwa kimegongwa kikaingia ndani, unalipia nafaka na unapewa hewa. Muuza duka mwenye kopo lililonyooka, anayejaza mpaka juu bila kuombwa, huyo ni wa kurudiwa. Uulize pia ndengu zake ni za msimu gani. Ndengu za mvua za vuli huvunwa kuanzia Januari, na wakati huo bei huanguka kwa sababu wakulima wengi huuza pamoja. Mwenye hoteli au duka anayenunua kwa wakulima wa jirani kwa bei ya haki huacha fedha zako kijijini, badala ya kuzipandisha lori.

Hivyo hivyo na asali, ambayo Kitui, na hasa upande wa Mwingi, husifika kwayo. Watu wengi huikataa asali iliyoganda wakidhani imetiwa sukari. Wanakosea, asali safi huganda kwa tabia yake yenyewe. Wengine huipima kwa njiti ya kiberiti au kwa kuidondosha katika maji, na vipimo hivyo si vya kutegemewa. Ni afadhali kumjua muuzaji, na kuonja. Asali yenye harufu kali ya moshi ilivunwa kwa moto mwingi. Na maembe ya Makueni, ambayo msimu wake mkubwa huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi hivi, hayahitaji mhakiki hodari. Huhitaji mnunuzi mwenye subira ya kungoja msimu. Mwaka 2017 kaunti ya Makueni ilizindua kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba, ili tunda lisiozee chini ya miti wakati lipatikanapo kwa wingi.

Sasa tumalizie safari yetu Makindu, katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Hapo pana nyumba ya ibada ya Wasikhi iliyojengwa mwaka 1926. Msafiri yeyote, awe wa dini yoyote, huingia, huvua viatu, hufunika kichwa, na hupewa chakula pasipo kutozwa kitu: dengu, chapati, mboga na chai. Tajiri na maskini huketi pamoja, nao hula chakula kimoja. Chakula chenyewe ni cha kawaida, cha jamii ya kunde kama zile zinazoota katika mashamba yetu. Hata hivyo sijasikia msafiri aliyeona aibu kukila. Heshima ya chakula haitoki katika bei yake. Hutoka kwa namna kinavyopikwa na kinavyotolewa.

Nasema haya kwa sababu najua mahali aibu inapokaa. Inakaa shuleni. Yuko mwanafunzi ambaye hula muthokoi nyumbani kwa furaha, lakini wenzake wakimwuliza alikula nini, hutaja chipsi. Na yule kijana wa hoteli ya kwanza, aliyecheka nilipouliza muthokoi, alikuwa mwanafunzi wa namna hiyo miaka michache iliyopita. Alijifunza aibu akiwa mdogo, naye sasa anaiuza kwa wageni. Mtu akikionea haya chakula chake, haachi kula tu. Huacha pia kukichunguza. Hamwulizi mtu nafaka imetoka wapi, kwa sababu hataki ijulikane kwamba anaila. Na chakula kisichochunguzwa, tumekwisha kuona mwaka 2004 kilivyoweza kufanya.

Basi, msomaji, juma hili fanya jambo moja. Nenda pembezoni mwa mji wako saa sita na nusu mchana. Tafuta mahali ambapo watu wa kazi huketi wakanyamaza wakila. Uliza kwa heshima chungu cha siku kina nini, ule, kisha umwulize mpishi nafaka yake imetoka wapi. Akikujibu vizuri, mshukuru, uwaambie wenzako shuleni umekula nini na kwa nini kilikuwa kizuri. Waambie kwa sauti.